Kabla hujanunua saa ya zamani, ihoji kama shahidi

LEO nataka kukusimulia jambo ambalo kwa miaka kadhaa nimelificha hata kwa jamaa zangu wa karibu.

Nalisimulia kwa sababu juma lililopita kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Nairobi, alinijia na picha ya saa kwenye simu yake. Macho yalikuwa yakimmeta kwa furaha. "Mzee," aliniambia, "nimepata Omega ya mwaka wa 1964. Mwenyewe anataka elfu arobaini tu, lakini anasema kuna mtu mwingine anayeitaka kabla ya jioni."

Nikamuuliza pesa hizo ni za nini. Akainamisha kichwa. Zilikuwa karo ya muhula uliokuwa unakuja.

Sikumcheka. Ningemchekaje, ilhali mimi mwenyewe niliwahi kutumbukia katika shimo hilo hilo, tena nikiwa na mvi kichwani?

Ilikuwa Novemba 2018. Mimi na mama watoto tulikuwa tumeweka kando shilingi 65,000 za kumpeleka binti yetu kidato cha kwanza Januari iliyofuata: karo, sare, godoro na lile sanduku la bati ambalo kila mzazi wa mwanafunzi wa bweni analijua.

Bwana mmoja mtanashati, mwenye suti iliyopigwa pasi na maneno laini kama siagi, akanionyesha saa ya mkono tukiwa tunakunywa chai mjini. Ilikuwa Omega Seamaster ya rangi ya dhahabu, ndani ya kisanduku chekundu. Alisema ni ya marehemu babake, aliyeipata alipostaafu. Alisema kwamba roho inamuuma kuiuza, ila ana mgonjwa hospitalini.

Nikapiga hesabu zangu za haraka haraka. Nitainunua, nitaiuza Krismasi kwa bei maradufu, na karo itabaki pale pale. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Nililijua neno hilo tangu utotoni, na halikunizuia.

Katikati ya Desemba saa ikasimama. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee ambaye huketi katika kibanda cha kioo chini ya ngazi za jumba la zamani, karibu na River Road. Akafungua kifuniko cha nyuma, akabandika kile kioo cha kukuzia kwenye jicho moja, akanyamaza kwa muda mrefu.

Hatimaye akasema: "Mwanangu, hapa umeniletea saa tatu."

Nikatazama ukutani nikidhani ananitajia wakati, lakini ilikuwa imekaribia saa sita. Akatikisa kichwa. "La, sisemi wakati. Nasema hii uliyoleta ni saa tatu. Mashine ni ya saa moja, gamba ni la saa ya pili, uso ni wa saa ya tatu. Vyote vya Omega. Lakini havikuzaliwa pamoja."

Maneno hayo ndiyo nataka uondoke nayo leo, msomaji wangu. Watu wengi wakitaka kununua saa ya zamani huuliza swali moja tu: je, ni ya kweli au ni bandia? Swali hilo halitoshi. Swali lililo kubwa zaidi ni hili: je, viungo vyake vilizaliwa pamoja?

AINA TATU ZA SAA UTAKAZOONYESHWA

Mzee yule alinieleza kwamba saa kuukuu za bei ghali zinazozungushwa mjini ni za aina tatu.

Kuna bandia kabisa, ambayo hakuna hata skrubu moja iliyotoka kwa kampuni iliyoandikwa usoni. Hii ndiyo rahisi kuitambua, na aghalabu ndiyo isiyomtia mtu hasara kubwa, kwa kuwa hata macho ya kawaida huitilia shaka.

Kuna ile iliyofanyiwa ukarabati wa haki. Saa ya miaka sitini ni kama gari la miaka sitini. Kioo kilipasuka kikabadilishwa, mkanda ulikatika, kamani ilichoka. Si ajabu hata kidogo, wala si hatia, maadamu mwenye kuuza anasema hivyo.

Halafu kuna mseto, ile iliyokusanywa kutoka kwa maiti za saa nyingine na kuuzwa kana kwamba ni nzima. Wapenzi wa saa wa Ulaya na Marekani huiita saa ya Frankenstein, kwa jina la yule mwanasayansi wa riwaya ya Mary Shelley iliyotoka mwaka wa 1818, aliyeunda kiumbe kwa viungo vya wafu. Hii ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kila kiungo ukikiuliza peke yake kitasema kweli. Uongo umo katika kuunganishwa kwao.

Usidhani mtego huu ni wa kunasa watu wa kawaida kama mimi na wewe tu. Mnamo Novemba 2021, katika mnada wa kampuni ya Phillips jijini Geneva, Uswisi, iliuzwa saa moja ya Omega aina ya Speedmaster, ya toleo la kwanza lililotoka mwaka wa 1957. Uso wake mweusi ulikuwa umegeuka kahawia kwa miaka mingi, jambo ambalo wakusanyaji hulipenda mno. Ilikadiriwa kuuzwa kati ya faranga 80,000 na 120,000 za Uswisi. Ikauzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3.1!

Mwezi wa Juni 2023 siri ikafichuka. Kampuni ya Omega ilitangaza kwamba saa hiyo ilikuwa mseto, imeundwa kwa vipande ambavyo vingi vilikuwa vya Omega hasa, na kwamba watu watatu waliowahi kuwa wafanyakazi wake walihusika. Na aliyeinunua kwa mamilioni hayo ni nani? Ni Omega yenyewe, iliyoitaka kwa ajili ya jumba lake la makumbusho.

Basi ikiwa mtengenezaji mwenyewe alidanganywa kwa vyuma vya kiwanda chake, mimi na wewe tuna haki ya kuwa waangalifu maradufu.

ANZA NA MDOMO WA MWENYE KUUZA

Saa ni kama shahidi mahakamani. Huwezi kumfahamu kwa kumtazama sura. Unamhoji, kisha unalinganisha jibu moja na jingine. Hebu basi tuihoji pamoja, na nitachukua Omega za miaka ya 1950 na 1960 kuwa mfano, kwa kuwa ndizo nilizozisomea baada ya kuumwa.

Kabla ya kuigusa saa, msikilize anayeiuza. Muulize ilitoka wapi, ilifunguliwa lini mara ya mwisho, na fundi gani aliifanyia kazi. Mtu aliyekaa na saa ya babake miaka ishirini huwa na majibu madogo madogo: kwamba hupoteza dakika mbili kwa siku, kwamba kioo kilipasuka msibani, kwamba mkanda wa kwanza ulikuwa wa ngozi. Laghai huwa na hadithi moja kubwa ya kusikitisha, lakini ukimuuliza vitu vidogo anababaika.

Kumbuka pia kwamba kupokea mali ya wizi ni kosa kisheria. Saa isiyokuwa na asili inaweza kukupeleka kituo cha polisi hata kama kila skrubu yake ni halisi.

Na yeyote anayekuambia kuna mtu mwingine atakayeichukua kabla ya jioni, mwambie amwuzie huyo mwingine.

TAZAMA USO, TENA POLEPOLE

Sasa chukua kioo cha kukuzia. Vinapatikana kwa bei nafuu, na hata kamera ya simu ya kisasa inatosha ukiisogeza karibu.

Soma maandishi ya usoni. Kiwanda cha Uswisi hakipigi chapa kwa mkono unaotetemeka. Herufi huwa nyembamba, kali pembeni na zenye nafasi sawa. Uso uliopakwa upya na fundi wa mtaani huwa na herufi nene kidogo, wino umefura, na vile vistari vya dakika havilingani barabara na alama za saa. Chini kabisa, penye nambari 6 (kwetu sisi ni saa kumi na mbili, lakini leo tusome kama Wazungu ili tusipotezane), tazama maneno SWISS MADE. Aghalabu wapakaji wa upya huyasahau, au huyaweka mahali pasipofaa.

Uso mzee huzeeka kama binadamu, bila mpangilio. Huwa na doa hapa, rangi iliyofifia pale. Ukiona saa inayodaiwa kuwa ya 1964 ina uso mweupe pe kama sahani mpya, na gamba limechakaa, jiulize ni vipi uso haukuzeeka pamoja na mwili.

Kisha ipeleke saa gizani. Hata chini ya blanketi yafaa. Imulike kwa tochi, zima tochi, utazame zile alama na mishale yenye rangi ya kung'aa.

Hapa kuna historia ya kusikitisha. Mwanzoni rangi hiyo ilitiwa madini ya radiamu. Katika miaka ya 1910 na 1920 huko New Jersey, Marekani, wasichana waliokuwa wakizipaka saa hizo walinyoosha brashi kwa midomo yao, na wengi wakaugua na kufa. Kufikia miaka ya 1960 viwanda viliiacha radiamu na kushika tritiamu, ambayo ni hafifu zaidi. Nyuso nyingi za tritiamu zina herufi ndogo T pembeni mwa neno SWISS.

Sasa, nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila miaka kumi na miwili hivi. Saa ya 1964 imebakiwa na chini ya sehemu moja kati ya ishirini ya nguvu zake za mwanzo. Ikimulikwa inaweza kumeta kidogo kisha ikafa. Ikiwa inawaka kijani na kukaa hivyo kwa saa nzima, basi rangi hiyo ni ya juzi. Tazama pia kama rangi ya mishale na ya uso zimezeeka sawa. Mishale meupe juu ya uso wenye alama za manjano ni kama mtu mwenye ndevu nyeusi na kichwa cheupe: yawezekana, lakini muulize.

Onyo kwa wanafunzi wenye mikono mepesi: usikwangue kamwe rangi ya saa kuukuu. Nguvu ya radiamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Rangi haing'ai tena, lakini sumu ingalipo.

ISIKIE IKITEMBEA

Iweke sikioni. Mashine nyingi za Omega za kujitia ufunguo zenyewe za miaka ya 1960 hupiga mara 19,800 kwa saa, yaani mara tano na nusu kila sekunde. Utasikia mlio wa haraka haraka, na mshale wa sekunde utauona ukienda kwa vihatua vidogo vidogo kama unateleza.

Ukiona mshale unaruka mara moja kila sekunde, tak, tak, tak, hiyo karibu hakika ni saa ya betri ya kwatzi. Saa ya kwanza ya mkono ya aina hiyo kuuzwa madukani, Seiko Astron, ilitoka Tokyo Desemba 1969. Kwa hivyo anayekuuzia Omega ya 1964 inayokwenda hivyo, amekuuzia miujiza.

SOMA MIHURI YA GAMBA

Gamba ni lile umbo la chuma au dhahabu linaloshika kila kitu. Ukiambiwa ni dhahabu, tafuta muhuri. Dhahabu ya karati 18 huandikwa 0.750 au 18K. Magamba ya dhahabu hiyo yaliyotengenezwa Uswisi yalipigwa muhuri wa serikali wenye kichwa cha mwanamke, Helvetia. Tangu Agosti 1995 muhuri huo ukabadilishwa kuwa kichwa cha mbwa wa Mtakatifu Bernard. Basi saa ya 1964 yenye kichwa cha mbwa ina maelezo ya kutoa.

Yangu haikuwa na mwanamke wala mbwa. Dhahabu yake ilikuwa ya kupakwa juu tu, na pembeni zinapogusa mkono ilikwisha kuchubuka, chuma kikachungulia. Ningeiona mwenyewe pale mkahawani kama ningeigeuza kuelekea dirishani.

Tazama pia pembe zinazoshika mkanda. Pembe za kiwandani zina kingo kali. Saa iliyosuguliwa mara nyingi ili ing'ae huwa na pembe za mviringo kama sabuni iliyotumika. Mng'aro huo humvutia mgeni, lakini wajuzi huupunguzia bei.

FUNGUA MLANGO WA NYUMA

Hapa ndipo kesi huamuliwa, msomaji wangu, na hapa ndipo mimi sikufika.

Usifungue mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Mpeleke mwenye kuuza na saa yake kwa fundi uliyemchagua wewe, si rafiki yake, na mlipe fundi kwa kazi yake. Ni shilingi chache zitakazokuokolea maelfu.

Ndani ya Omega ya miaka hiyo utakuta mashine yenye rangi ya shaba nyekundu, safi, yenye jina la kampuni na nambari mbili. Nambari moja ni ya aina ya mashine. Nyingine, ndefu, ni ya saa hiyo hasa. Nambari ya milioni 20 ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ya milioni 30 ni ya karibu mwaka wa 1970. Mtu akisema saa ni ya 1955 na nambari yaanza na 30, hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo.

Sasa geuza kifuniko usome ndani yake. Tangu miaka ya mwanzo ya 1960, Omega za kiume za kujitia ufunguo zenyewe zilipewa nambari zinazoanza na 165 ikiwa hazina tarehe, na 166 ikiwa zina tarehe. Na mashine pia ni hivyo hivyo: aina ya 550 na 552 hazina tarehe, bali 560, 562 na 565 zina tarehe.

Unaona jinsi mashahidi wanavyoweza kulinganishwa? Uso wa saa yangu ulikuwa na kidirisha cha tarehe. Mashine ilikuwa 562, ya tarehe, sawa. Lakini kifuniko kilianza na 165, gamba la saa isiyokuwa na tarehe! Na nambari ya mashine ilikuwa ya karibu mwaka wa 1960, kabla hata mtindo huo wa nambari za magamba haujaanza. Uso nao ulikuwa umepakwa upya, wino umefura kama nilivyokueleza.

Mzee hakuhitaji kifaa cha maabara. Alisoma tu nambari tatu, akaziona zinabishana.

Kwa wale watakaoonyeshwa Rolex, mambo machache. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka wa 1905 na jina Rolex likaandikishwa mwaka wa 1908, kwa hivyo usikubali ya 1900. Katika saa za zamani aina ya Oyster, nambari ya saa imechongwa ubavuni kati ya pembe za upande wa 6, na nambari ya aina yake upande wa 12. Sharti mkanda utolewe ndipo zionekane. Na kifuniko cha nyuma cha kioo kinachoonyesha mashine ndani ni alama ya kukimbia, kwa maana Oyster za zamani hazikuwa nacho.

Tena usitishwe wala usitulizwe na kisanduku na makaratasi. Kisanduku hununuliwa peke yake. Karatasi ni nzuri ikiwa nambari iliyoandikwa humo ni ile ile iliyo ndani ya saa. Bila hivyo ni karatasi tu.

UJUZI HUU UNA PANDE MBILI

Usije ukadhani, msomaji, kwamba nakufundisha kushuku kila kitu. Kushuku kupita kiasi nako kunaweza kumdhulumu mtu.

Mama mmoja jirani yetu, mjane, aliachiwa na mumewe Omega ya chuma, kioo kimekwaruzika hata saa haisomeki. Mnunuzi mmoja alimjia nyumbani akaitazama kidogo, akasema, "Mama, uso huu umebadilishwa. Hii ni bandia. Nakupa elfu tatu kwa kukuhurumia."

Kwa bahati alikuja kuniuliza. Tukaenda naye kwa Mzee wa chini ya ngazi. Uso kweli ulikuwa umepakwa upya. Lakini hauna tarehe. Mashine, 552, haina tarehe. Kifuniko, 165. Nambari ya saa, ya katikati ya miaka ya 1960. Wote wakasema neno moja.

Yule mama akakumbuka mkebe wa biskuti ambamo marehemu aliweka stakabadhi zake. Tukakuta risiti ya mwaka wa 1983, ya kusafisha mashine na kupaka uso kwa sababu maji yaliingia. Kumbe saa haikuwa bandia, ilikuwa imeugua na kutibiwa.

Aliiuza baadaye kwa mtu mwingine, kwa bei iliyozidi ile elfu tatu mara kadhaa. Na alimweleza mnunuzi wazi kwamba uso ulipakwa upya, akampa na risiti. Mnunuzi akapunguza kidogo, wakakubaliana, kila mmoja akaenda zake na moyo mweupe.

Kwa hivyo wewe uliyerithi saa ya baba au babu, usiitupe, usiisugue, wala usiiuze mlangoni. Tafuta kwanza risiti na picha za zamani ambazo mzee ameivaa. Hizo ni mashahidi kuliko kisanduku chekundu.

UKIAMUA KUNUNUA

Kama umeridhika, bado usitoe pesa mpaka ufanye mambo matatu.

Kwanza, andikianeni. Karatasi iwe na majina, nambari za vitambulisho, nambari ya saa na ya mashine, na maelezo ya kila kilichobadilishwa. Mtu mkweli haogopi kalamu.

Pili, lipa kwa njia inayoacha alama, iwe benki au M-Pesa, si noti mkononi pembeni mwa barabara.

Tatu, na hili ndilo kubwa, nunua kwa pesa ambazo zikipotea leo, kesho watoto watakula na kusoma. Saa kuukuu ni pambo na kumbukumbu. Anayekuambia kwamba haiwezi kupoteza thamani, ana moja ya kuuza.

Mimi nililijua hilo kwa njia ngumu. Mama watoto ilimbidi akope kwenye chama chake ili binti yetu aende shule siku ya kwanza kama wenzake. Deni lile tulilimaliza Agosti. Hakunikaripia hata siku moja, na heri angenikaripia.

Yule mwanafunzi niliyekutajia mwanzoni nilimwambia aombe jambo moja tu: saa ifunguliwe mbele ya fundi. Mwenye kuuza alijibu kwamba saa ya thamani haifunguliwi ovyo. Kijana akaomba mara ya pili, simu ikakatwa.

Alikuja kwangu amenuna. "Na je, kama ilikuwa ya kweli, Mzee?"

Nikamwambia huenda ilikuwa ya kweli. Siwezi kuapa. Lakini shahidi anayekataa kuulizwa maswali, hata kama ana ukweli moyoni, hakimu hana la kufanya naye. Zipo saa nyingine, na muhula haungojei. Karo alilipa siku iliyofuata.

Saa yangu nisingeweza kumwuzia mtu nikijua nijuayo, basi Mzee aliitengeneza nami naivaa. Hupoteza dakika tano kwa siku. Binti yetu, ambaye sasa yuko chuoni, akitaka kunichokoza huuliza, "Baba, hizo saa tatu zinasema saa ngapi?"

Namjibu kwamba kila moja inasema lake.